Maiti Ng'ambo Hii, Mzima Ng'ambo Ile

Hapo zamani, na msikae mkao wa majini na masultani, maana zamani yangu mimi ni ya juzi tu, watu wana simu mfukoni na baridi mpaka kwenye mifupa. Huko Ulaya palikuwa na miji miwili, na mto mmoja katikati. Ng'ambo hii Halvera, ng'ambo ile Tornika. Nchi mbili, serikali mbili, lakini daraja ni moja, na watu wanavuka kwenda kununua mkate kama wewe unavyovuka kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Halvera ndiko alikokuwa akikaa Bi Mwanaheri, mzaliwa wa Pangani, pamoja na mumewe Mzee Mwinjaka, fundi cherehani. Walifikaje huko? Hiyo hadithi nyingine, msinipoteze njia. Walifika, wakazeeka. Nyumba yao Halvera, karakana ya mzee Tornika. Asubuhi anavuka na chupa yake ya chai, jioni anarudi nayo tupu.

Mzee Mwinjaka alikuwa na manung'uniko yake, kila mteja aliyajua. Anachukua sindano ya cherehani anakuonyesha. "Hii unaiona? Watengenezaji walikaa kitako wakakubaliana. Sindano ya huyu inaingia kwenye cherehani ya yule. Raha iliyoje!" Halafu anachukua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. "Na hii? Kila mmoja ana yake. Ukiipoteza urudi kwake ukamlambe miguu." Ikawa ndiyo methali yake. Mtu akimfanyia ukaidi, husema: sindano zilipatana, bobini zikagoma.

Mungu aliwapa mtoto mmoja, Mbwana, akamchukua angali mdogo. Halvera hakukuwa na makaburi ya Waislamu, Tornika yalikuwapo, basi Mbwana akazikwa Tornika, na baba yake akaomba nafasi mbili za pembeni, yake na ya mkewe. Tangu hapo, kila akienda kazini, mzee hupita makaburini kwanza. Anasimama, anasema, "Mbwana, mimi nipo," kisha anakwenda kufungua karakana.

Miaka ikapita. Mzee akaugua, akalazwa Halvera. Alipoona safari imewadia akamwita mkewe, akamwita na Shehe Burhani wa msikiti wao.

"Nilazweni kando ya mwanangu," akasema. "Na atakayenifikisha pale, karakana yangu ni yake. Haizidi thuluthi ya mali, Shehe, nimeshapiga hesabu. Lakini awe mmoja. Msije mkaigawa. Cherehani iliyogawanywa haishoni."

Shehe akaitikia, moyoni akasema mgonjwa anaweweseka. Kuvuka daraja kuna kazi gani hata mtu apewe karakana? Gari la maiti si dakika chache tu!

Jumatatu alfajiri Mzee Mwinjaka akafariki dunia.

Sasa sikilizeni. Zamani mtu akifa Halvera na kaburi lake liko Tornika, unachukua cheti, unavuka, karani wa Tornika anagonga muhuri, mnazika. Lakini Tornika walikuwa wamefanya mageuzi. Hakuna karatasi tena, kila kitu mashine. Na ili ulimwengu ujue kwamba hawatanii, siku ya uzinduzi walikusanya mihuri yote ya ofisi wakaipeleka darajani, tarumbeta zinalia, meya akaitupa mtoni kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Muhuri wa mwisho ukazama, na hakuna aliyeuliza mashine ikigoma itakuwaje.

Na Halvera nako kulikuwa na sheria. Maiti isiyo na kibali cha kaburi hospitali haikai nayo. Ijumaa hiyo ofisi zote zilikuwa zinafungwa kwa sikukuu ndefu, na maiti itakayobaki inakabidhiwa mji, na mji unaichoma moto. Si kwa ubaya. Ndiyo desturi yao, wao wenyewe wanachomwa na hawaoni tabu. Lakini Bi Mwanaheri alipoambiwa, aliishika meza. Mwinjaka achomwe? Achomwe, na mwanawe amelala ng'ambo anamsubiri?

"Hachomwi," akasema. "Wallahi hachomwi."

Akavuka daraja. Kwenye dirisha la ofisi ya Tornika alikaa karani mmoja anaitwa Joris Veem, mtu mzima, baba wa watoto, mpole, tai imenyooka. Akaitazama mashine yake, akamtazama mjane.

"Pole sana, mama. Lakini kwetu mumeo yu hai."

"Amekufa jana Halvera. Hospitali imeandika."

"Halvera amekufa, ndiyo. Tornika yu hai. Taarifa imefika mlangoni, mashine yetu haijaisoma."

"Basi iandike wewe. Amekufa. Herufi ngapi hizo?"

"Siwezi, mama. Badiliko lolote la hali ya mtu, lazima mwenyewe alithibitishe kwa simu yake, kwa dole gumba lake."

"Mwenyewe nani?"

"Ndugu Mwinjaka."

"Ndiye aliyekufa!"

"Ndiyo maana namtumia ujumbe," akasema Joris, na masikini ya Mungu wala hakuwa anatania.

Ndani ya mkoba wa Bi Mwanaheri simu ya marehemu ikatetemeka. Akaitoa, akasoma: Ndugu Mwinjaka, tumearifiwa kwamba umefariki. Tafadhali thibitisha. Na chini yake ujumbe wa pili, kutoka mashine hiyohiyo: Ndugu Mwinjaka, hongera, unakaribishwa kupimwa macho bure Jumatatu ijayo.

Joris akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainamia dirisha. "Mama, wengine huenda na simu kule chumba cha maiti. Kidole bado ni kidole. Wanakibonyeza, mambo yanakwisha."

Lo! Kama macho yangekuwa panga, siku ile Tornika wangezika karani. "Nikamshike maiti mkono ajishuhudie kifo chake? Nimemwosha mume huyu alipougua, nimemlisha kwa kijiko, sasa nimfanye muhuri wenu kwa kuwa wenu mmeutupa mtoni? Wewe mama yako ungemfanyia?"

Joris akainamisha kichwa. Bi Mwanaheri akaitia simu mkobani, akatoka.

Akarudi Halvera. Wakamwambia: sisi tumeshapeleka, mama, tena tumepeleka kwa kipimo cha wote. Akavuka tena Tornika. Wakamwambia: hatujaisoma. Halvera maiti, Tornika mzima. Akirudi ng'ambo hii anapewa pole, akivuka ng'ambo ile anaulizwa mzee hajambo. Wanawake wa msikitini wakaanza kunong'ona. Mwanaheri ana eda, kutwa yuko darajani, kulikoni?

Akawasikia, akawageukia. "Eda nitakaa, tena nitaikaa yote. Lakini nikishamzika. Hamtaki nitoke? Haya, nani kati yenu atatoka badala yangu?" Shehe Burhani akasema hii ni dharura, na dharura ina hukumu yake, mwacheni apite.

Jumatano akaenda makaburini. Mchimba makaburi wa kule aliitwa Wendel, pande la mtu, mgongo umepinda kwa kazi. Ndiye aliyechimba kaburi la Mbwana. Bi Mwanaheri akamweleza yaliyompata, Wendel akavua kofia.

"Mama, bila kibali siwezi. Halmashauri wametuonya, sehemu hii ya Waislamu ikivunja sheria mara moja tu, inafungwa. Na kuna jingine. Kesho baridi kali inaingia. Ardhi ikishaganda inakuwa chuma, na kijiko cha mashine ya kuchimbia hakipiti katikati ya makaburi. Kibali kikija Ijumaa, mimi peke yangu na sururu, sitamaliza kabla geti halijafungwa."

Bi Mwanaheri hakumwomba achimbe. Hilo lishikeni, maana litaulizwa baadaye. Alikwenda tu pale kwenye kaburi dogo, akainama, akasema kwa Kiswahili, "Mbwana mwanangu, baba yako anakuja." Kisha akajifunga kanga vizuri kichwani, akaondoka.

"Umesema nini?" Wendel akamuuliza getini. Naye akamfasiria. Wendel akabaki anaitazama ardhi.

Alhamisi baridi ikaingia kama ilivyoahidiwa. Jirani wa ghorofa ya chini akapanda na supu ya viazi, kumpa pole mfiwa. Aliitwa Henrike Dalm, mstaafu, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Bi Mwanaheri hakuwahi kujua kazi aliyokuwa akiifanya. Akamsimulia, alimradi kuutua mzigo, na alipofika pale pa kusema "wamepeleka kwa kipimo cha wote, Tornika wanasema haisomeki," Henrike akaweka kijiko chini.

"Nani kasema haisomeki?"

Kumbe kipimo kile alikitunga yeye! Ngojeni niwaeleze, nanyi msiseme mambo ya mashine yanawapita. Sokoni kuna pishi, kile kipimo cha nafaka. Muuzaji anaijua, mnunuzi anaijua, pishi ya Tanga ndiyo pishi ya Pangani, na hakuna mtu anayekutoza kwa kuitamka. Basi nchi za kule zilikubaliana ziwe na pishi ya namna hiyo ya kuandikia habari za watu, amezaliwa, ameoa, amehama, amekufa, ili mji wowote ukiandika mji wowote usome. Wazi kwa wote, haina mwenyewe. Henrike alikuwa katika baraza lililoitunga. Alikesha nayo, akagombana kwa ajili yake, mumewe akachoka kungoja akaenda zake. Mwishowe pishi ikapatikana.

"Lakini kampuni zinazouza mashine zilitusumbua," Henrike akasema, sauti imeshuka. "Zikataka muda. Zikasema zitaweka mlango wa kuisomea, ila uwe na kufuli kwanza, mji ukitaka kuufungua ulipe zaidi. Mimi nilichoka, mama. Nikasema heri mlango uliofungwa kuliko ukuta. Nikatia saini."

"Kwa hiyo mlango upo," akasema Bi Mwanaheri.

"Upo."

"Basi vaa koti."

Ofisi ilikuwa imeshafungwa. Wakasubiri kuche. Ijumaa asubuhi wakavuka daraja, mjane mbele, mstaafu nyuma, theluji inalia chini ya viatu. Joris alipowaona aliinuka kwenye kiti.

Henrike hakumpa salamu ndefu. "Ndani ya mashine yako kuna swichi ya kusoma kipimo cha wote. Mimi ndiye niliyeilazimisha iwekwe. Iwashe."

"Naijua," Joris akasema. "Kila asubuhi naiona. Ina maandishi mekundu, usiguse bila idhini ya kampuni. Mkuu wangu ametutangazia, atakayeigusa kazi hana. Nina watoto, bibi."

"Na mimi nilikuwa na mtoto," akasema Bi Mwanaheri. "Yuko pale juu kilimani kwenu. Nimekuja kumwombea baba yake alale naye. Leo jioni msipomsoma nyinyi, wale wanamchoma. Sikutukani, mwanangu, nimeshakutukana juzi, imetosha. Nakuuliza tu. Wewe unajua kwamba mume wangu amekufa, au hujui?"

"Najua, mama."

"Basi."

Na palepale, kama iliyotumwa, simu ya marehemu, aliyokuwa ameiweka dirishani, ikatetemeka. Ndugu Mwinjaka, usisahau, Jumatatu ni siku yako ya kupimwa macho. Joris akaisoma maandishi yakiwa yamepinduka. Akakaa. Akavuta pumzi. Akawasha swichi.

Mashine ikafikiri. Halafu ikaanza kusoma. Haikumsoma Mwinjaka peke yake. Waliingia wafu wote waliokuwa wamekwama darajani tangu kiangazi, bibi wa watu, babu wa watu, ambao Halvera waliwazika na Tornika bado wanawakaribisha kupimwa macho. Wakaingia mmoja mmoja, na katikati yao akaingia Mwinjaka. Kibali cha kaburi kikatoka.

Simu juu ya dirisha ikaandika mara ya mwisho: Akaunti hii imefungwa. Ikazima.

Tangu Jumatatu Bi Mwanaheri hakuwa amelia, hakupata nafasi. Sasa simu imenyamaza, hakuna anayemwita tena mumewe kokote, si ng'ambo hii wala ng'ambo ile. Hapo ndipo alipolia, mbele ya watu, kwa sauti, na Henrike akamshika bega. Nyuma ya Joris mlango ukafunguliwa, mkuu wake akatoka, akaitazama swichi, akamwambia avue kitambulisho.

Gari la maiti likavuka daraja jua limeshaanza kushuka. Shehe Burhani njia nzima anatazama saa. Kibali wanacho, lakini ardhi imeganda, geti linafungwa machweo, na kesho makaburi hayana mtu. Nani amechimba? Wakafika, wakakuta turubai limetandazwa, na majani makavu juu yake. Wendel akalifunua. Kaburi lilikuwa tayari, limenyooka, limeelekezwa kibla. Alichimba Jumatano ileile, mjane alipompa kisogo, ardhi ingali laini, kibali hakipo.

Wanaume wakamshusha. Bi Mwanaheri akasimama getini kama desturi yetu ilivyo, na kutoka pale aliyaona makaburi mawili, dogo na kubwa, bega kwa bega. Akasema alhamdulillahi. Akarudi nyumbani, akakaa eda yake yote, kama alivyosema.

Eda ilipokwisha akawaita watu kwenye karakana ya mumewe. Akaja Henrike, akaja Joris, akaja Wendel. Cherehani zimefunikwa vitambaa, bobini za kila namna ziko kwenye kopo. Bi Mwanaheri akawapa chai ya tangawizi, na Shehe Burhani akausema ule wasia, neno kwa neno.

Mwanzo, lo, adabu iliyoje! Henrike akasema ah, mimi sikufanya kitu. Joris akasema ah, apewe mama Henrike. Wendel akasema ah, mimi mchimbaji tu. Kila mtu anausukuma ufunguo kama kipande cha mwisho cha nyama kwenye sinia. Kisha Wendel akaweka kikombe chini, akasema, "Lakini kusema kweli, aliyemfikisha ni mimi." Ndugu zangu, adabu ikatoka mlangoni bila kuaga.

"Sikilizeni," akasema Wendel. "Mashine haiziki mtu. Kibali hakiziki mtu. Mtu anazikwa shimoni. Kibali kimefika Ijumaa mchana, ardhi chuma, mngemweka wapi? Nimechimba sina amri, sina ahadi, wala sijaombwa. Mgongo wangu umekwisha, nataka kazi ya kukaa chini ya paa. Nami ndiye niliyemlaza."

"Umemlaza," akasema Joris, "lakini useme na lililobaki. Halmashauri waligundua kaburi lilitangulia kibali. Sehemu ile wameifunga, hakuna kaburi jipya. Ile nafasi ya pili pale pembeni ni ya nani? Ni ya mama huyu. Umemfungulia mume, umemfungia mke."

Wendel akashusha macho. Bi Mwanaheri akaendelea kumimina chai mpaka ikafurika kikombe, ikamwagika kwenye sahani.

"Mimi," akasema Joris, "ndiye niliyetoa kitu changu. Henrike alitoa maneno, Wendel alitoa jasho, kesho yake wote wakaamka na kazi zao au pensheni zao. Mimi niliamka sina kazi. Mpaka leo sina. Bila kidole changu lile shimo la Wendel lingebaki shimo, na pishi ya Henrike ingebaki maneno mazuri. Kutangulia si kufika."

"Kidole chako!" akasema Henrike. "Kidole kilekile kilichokuwa kinaiona swichi kila asubuhi? Uliijua Jumanne, ukamwacha mama wa watu avuke daraja mpaka Ijumaa. Tena ukamtuma akabonyeze dole la maiti. Ungeiwasha Jumanne, Wendel angechimba kwa kibali, sehemu ile isingefungwa, na mama huyu angekuwa na mahali pake. Umelipa, ndiyo. Umelipa deni la kuchelewa kwako."

Joris akawa mwekundu mpaka masikio.

"Mimi sitaki kushona," Henrike akaendelea. "Ila maisha yangu niliyaweka kwenye kitu ambacho hakuna anayekiona. Daraja mnaliona, shimo mnaliona. Pishi hamuioni, mnaitumia tu. Bila pishi ile Halvera ingeandika chake, Tornika chake, na hakuna swichi wala kidole ambacho kingesaidia. Mimi nilimfikisha Mwinjaka kabla hajaugua. Angalau mara moja, mtu aseme kazi ile ilifika mahali."

"Ilifika mlangoni," akasema Wendel polepole. "Ikakuta kufuli. Na saini ya kufuli ni yako, bibi. Wewe na mimi na huyu, nani kamzuia zaidi mzee kufika? Kampuni imeshairudisha ile kufuli yake. Wafu wanajazana darajani tena."

Nje baiskeli zinapita. Shehe Burhani akajipapasa ndevu, akataka kusema kidole kimoja hakivunji chawa, akaumeza ule usemi, maana marehemu alisema mmoja.

Wote wakamgeukia Bi Mwanaheri. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Akawatazama mmoja mmoja. Aliyeitunga pishi, akatia saini ya kufuli. Aliyeifungua kufuli, akiwa amechelewa. Aliyechimba mapema, akamfungia yeye mlango wa kulala na mwanawe na mumewe.

"Nimewasikia," akasema. "Na kila mmoja wenu nampenda, na kila mmoja wenu nina kinyongo naye, nisiwadanganye. Mimi nitazikwa wapi sijui. Hilo nitalipigania, daraja nimeshalizoea. Lakini Mwinjaka amelala na mwanawe, na neno lake ni lazima litimie leo, si kesho."

Akalifungua pindo. Ufunguo ukakaa kwenye kiganja chake.

Haya, mimi nimemaliza yangu, na msinitazame hivyo. Msiniambie wagawane, nimeshawaambia cherehani iliyogawanywa haishoni. Msiniambie abaki nao mwenyewe, wasia si wake. Mkono wa Bi Mwanaheri uko wazi, watu watatu wako mbele yake, na chai inapoa. Aliyetunga pishi, aliyefungua kufuli na aliyechimba kaburi: je, nani hasa aliyemvusha Mwinjaka, na nani alistahili ule ufunguo?